Kufundisha Kila Mtoto Pale Alipofika: Maswali ya Walimu wa Madarasa Makubwa

Maswali haya huulizwa na walimu wa shule za msingi, hasa za serikali, kwenye vikao vya jumuiya za kujifunza, kwenye semina, na mara nyingi zaidi kwenye benchi la nje ya ofisi wakati wa chai. Majibu yamelenga darasa la tatu hadi la tano Tanzania, kwa sababu hapo ndipo pengo kati ya mtoto na mtoto huwa limeshapanuka lakini bado linazibika. Mwalimu wa darasa la kwanza au wa sekondari naye atapata la kwake humu.

Kufundisha kulingana na hali ya mwanafunzi maana yake nini hasa?

Ni kumfundisha mtoto kuanzia pale alipofika yeye, si pale kilipofika kitabu.

Ingia darasa la tatu lolote. Utamkuta anayesoma ukurasa mzima na kukusimulia alichosoma. Pembeni yake yuko anayesoma neno mojamoja kwa kuvutavuta, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Nyuma yao kuna anayezijua silabi ila hawezi kuziunganisha, na kwenye dawati la mwisho yuko anayechanganya b na d. Wote wananakili sentensi ileile kutoka ubaoni, na ukipita haraka unaona darasa linasoma. Mwenye mwandiko mzuri kuliko wote anaweza kuwa ndiye asiyejua alichoandika.

Mwalimu anayezingatia tofauti hizi hubadili mambo matatu: anachokifundisha leo kwa kundi fulani, njia anayopitia, na kazi anayowapa watoto ili waonyeshe wameelewa. Asichobadili ni mwisho wa safari. Wote wanatakiwa wafike kwenye kusoma kwa ufahamu na kuhesabu kwa uhakika. Mtoto aliyeanzia nyuma hapewi lengo dogo la kudumu, anapewa pa kuanzia.

Kwani hali ni mbaya kiasi hicho?

Uwezo, utafiti unaowapima watoto nyumbani kwao Tanzania, Kenya na Uganda, ulipotoa matokeo ya kwanza ya Tanzania ya mwaka 2010, takribani wanafunzi 3 tu kati ya kila 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Maana yake ni kwamba mwalimu wa darasa la tatu aliyefungua kitabu cha darasa la tatu siku ya kwanza alikuwa akizungumza na wachache. Serikali ilijibu kwa kuandaa mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliokazia KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo lilikuwa jambo la maana sana.

Lakini idadi nayo ilipanda. Uganda ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001, Kenya mwaka 2003, kisha Tanzania ikaondoa na michango kwa elimu bila malipo kuanzia Januari 2016. Waliofurika darasani hawakuwa wa aina moja. Kuna aliyesoma awali miaka miwili kwenye shule yenye vitabu vya picha, na kuna aliyetoka moja kwa moja kuchunga ng'ombe akiwa na miaka tisa. Kuwafundisha kana kwamba wameanzia mstari mmoja ni kumfundisha yule wa kwanza tu.

Sasa kuna na jambo la muda. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unafupisha elimu ya msingi kutoka miaka 7 kuwa 6. Mtoto aliyeachwa nyuma darasa la tatu ana mwaka mmoja pungufu wa kufidia.

Darasa langu lina watoto 90. Haya si mambo ya shule zenye watoto 20?

Hili ndilo swali la kila mahali, na ni la haki. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila mtu anajua jinsi ulivyo mbali na hali halisi ya shule nyingi. Vitabu vya ualimu vinavyoeleza jambo hili kwa upana vimeandikwa zaidi Marekani, kwenye darasa lenye zulia, rafu ya vitabu na mwalimu msaidizi. Ukivisoma hivyo hivyo utakata tamaa kabla ya ukurasa wa kumi.

Ila angalia ni nani aliyeanza kulifanya jambo hili kwa wingi mkubwa. Ni Pratham, shirika lililoanza mwaka 1995 kwenye mitaa ya mabanda ya Mumbai, India. Njia yao haina zulia. Unampima mtoto kwa mdomo, unamweka kwenye kundi la wenzake wa ngazi yake bila kujali yuko darasa la ngapi, unawafundisha kwa saa moja au mbili kwa siku kwa michezo, kadi na maongezi, kisha unapima tena na kuwahamisha. Abhijit Banerjee na Esther Duflo walioichunguza njia hiyo kwa miaka mingi walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, ambaye naye alifanya tafiti nyingi kwenye shule za magharibi mwa Kenya. Njia hiyo imeshavuka bahari. Zambia inaitumia kwenye shule za serikali, na nchi nyingine kadhaa za Afrika zinaijaribu.

Kwa hiyo watoto 90 si sababu ya kutofanya. Darasa la watoto 90 ndilo lenye hasara kubwa zaidi unapofundisha kwa wote kitu kimoja, kwa kuwa ndilo lenye ngazi nyingi zaidi ndani yake. Kisichowezekana ni kumwandalia kila mtoto somo lake, na hakuna anayekuomba ufanye hivyo. Unachohitaji ni makundi matatu, mengi sana manne.

Nitajuaje kila mtoto yuko ngazi gani? Mtihani wa muhula si unatosha?

Hautoshi. Mtihani wa kuandika unakuambia Neema amepata 22 na Baraka amepata 24. Haukuambii kwamba Neema anasoma vizuri ila hakuelewa maswali, na Baraka hajui kusoma kabisa ila alibahatisha kwenye maswali ya kuchagua.

Pima kwa mdomo, mtoto mmoja mmoja. Andaa karatasi moja yenye vitu vinne: herufi na silabi kumi hivi, maneno matano mafupi, aya ya sentensi nne, na hadithi ya sentensi nane hadi kumi ya kiwango cha darasa la pili. Aya inaweza kuwa hivi: «Juma ana mbuzi mmoja. Mbuzi wake ni mweupe. Asubuhi humpeleka malishoni. Jioni humrudisha nyumbani.»

Anza na aya. Akiisoma bila kukwama, mpe hadithi na umuulize maswali mawili. Akishindwa aya, mshushe kwenye maneno. Akisoma manne kati ya matano, ngazi yake ni ya neno. Akishindwa, mshushe kwenye silabi na herufi. Utapata ngazi tano: asiyetambua herufi, wa herufi na silabi, wa neno, wa aya, wa hadithi. Usimsahihishe wakati wa kupima na usikunje uso, maana watoto wanausoma uso wa mwalimu kabla ya kusoma karatasi.

Kila mtoto atakuchukua kama dakika tatu. Watoto 90 ni saa nne na nusu, na ukizigawa kwenye wiki moja, wengine wakiwa na kazi ya kuchora au ya michezo na mwalimu mwenzako, unamaliza. Walimu wengi hulalamikia saa hizo. Mimi nasema hakuna saa nne na nusu za mwaka mzima zitakazokupa taarifa nyingi kuliko hizo.

Karatasi yenyewe uifiche. Ikizoeleka watoto wataikariri, na utashangaa ndani ya siku mbili darasa zima linasoma habari za mbuzi wa Juma bila hata kuangalia maandishi.

Nikishawajua, kipindi kinaendaje?

Kuna njia mbili. Inategemea kama uko peke yako au mwalimu mkuu yuko pamoja nawe.

Ukiwa peke yako na dakika 40, anza na wote kwa dakika kumi: soma hadithi kwa sauti, waongeleshe, waulize maneno magumu. Hapa hata asiyejua herufi anashiriki, kwa sababu masikio yake ni mazima na akili yake pia. Dakika ishirini zinazofuata ni za makundi. Wa hadithi wanasoma wawili wawili na kutunga maswali ya kuwauliza wenzao. Wa neno na aya wanapanga sentensi zilizokatwakatwa kwenye vipande vya karatasi. Wa herufi na silabi wako na wewe, mmekaa chini mbele ya ubao mna kadi. Dakika kumi za mwisho mnarudi pamoja na kila kundi linaonyesha kitu.

Kosa la kawaida hapa ni mwalimu kuzunguka makundi yote kama msimamizi wa mtihani. Ukizunguka hujafundisha mtu. Kaa na kundi moja mpaka uone kitu kimebadilika. Kesho ukae na jingine, lakini kundi la chini kabisa lipate siku nyingi kuliko mengine, tuseme tatu kwa wiki. Haina maana ya upendeleo. Wa hadithi wana kitabu cha kuwasaidia ukiwa haupo, wa herufi hawana chochote isipokuwa wewe.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Shule nzima inatenga saa moja, mathalani kabla ya uji, ambapo darasa la tatu, la nne na la tano linavunjwa. Walimu watatu, kila mmoja anachukua ngazi. Mtoto wa darasa la tano asiyejua silabi anakwenda kwa mwalimu wa silabi, na wa darasa la tatu anayesoma hadithi anakwenda kwa mwalimu wa hadithi. Kila mwalimu sasa ana ngazi moja mbele yake, na idadi ileile ya watoto inakuwa nyepesi ghafla. Vyumba visipotosha kuna mwembe. Baada ya saa hiyo kila mtoto anarudi darasani kwake kuendelea na ratiba.

Inahitaji mwalimu mkuu anayeilinda saa hiyo. Ikianza kuliwa na vikao, usafi na maandalizi ya ugeni, ndani ya mwezi haipo.

Mtoto mkubwa wa darasa la tano hataona aibu kukaa na wadogo?

Ataona, siku mbili tatu za mwanzo. Ila mjue kwamba aibu tayari anayo. Kila siku anakaa darasa la tano akiomba asiitwe kusoma. Mpe kazi ya heshima kwenye kundi: kugawa kadi, kusimamia mchezo, kuandika tarehe. Asiwe mlezi wa wadogo tu, awe na jambo lake la kujifunza.

Majina ya makundi yasiwe na cheo. Nimeona mahali kundi moja likiitwa Chui na jingine Kobe, na sijui mwalimu alitegemea nini. Mito inatosha: Rufiji, Pangani, Ruvuma, Kagera. Watoto watajua tu nani anasoma nini, hilo huwezi kulizuia. Unachoweza kukizuia ni wewe mwenyewe kulitamka.

Huku si kuwagawa vipanga na vilaza?

Inakuwa hivyo pale makundi yanapogeuka makazi. Mtoto akiwekwa kundi la silabi Januari na akakutwa humohumo Novemba, tumemhukumu. Makundi yapimwe upya kila baada ya wiki tano au sita na watu wahame. Pia kundi la Kusoma lisiwe kundi la Hisabati. Kuna watoto wanaosoma kwa taabu wanaokokotoa chenji dukani haraka kuliko mwalimu.

Sasa, kuna utafiti ambao walimu wengi huushangaa. Mwaka 2005 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza kazi kwenye shule 121 za msingi za magharibi mwa Kenya. Shule zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, darasa likagawanywa mikondo miwili. Nusu ya shule ziligawa watoto kwa bahati nasibu, nusu nyingine ziliwagawa kwa uwezo wao wa mwanzo. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawa kwa uwezo walikuwa mbele, na faida haikuwa ya wenye uwezo mkubwa peke yao. Waliowekwa mkondo wa chini nao walipanda.

Je, turudi kwenye mkondo A wa vipanga na mkondo D wa waliokatiwa tamaa? Hapana, na sababu iko kwenye utafiti wenyewe. Kilichosaidia ni kwamba mwalimu aliyepewa watoto wa ngazi inayokaribiana alilifundisha darasa lililokuwa mbele yake. Ukitenga mikondo kisha mkondo wa chini ukapewa mwalimu aliyechoka, kitabu kilekile na mwendo uleule, umetenga watoto bila kuwafundisha. Shule nyingi za kwetu zenye mikondo ya aina hiyo humpeleka mwalimu bora mkondo A ili ufaulu upande. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Utafiti mwingine wa Kremer na wenzake, hukohuko magharibi mwa Kenya, uligawa vitabu vya kiada shuleni. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa pale, na wengi hawakuweza kuvisoma. Nautaja kwa sababu kila tunapolalamikia matokeo, jibu la kwanza huwa ni vitabu zaidi.

Hisabati nayo inagawanyika kwa ngazi kama Kusoma?

Ndiyo, lakini huku angalia makosa zaidi ya alama. Mtoto akiandika 52 − 27 = 35, hajakosea hovyo. Ametoa kidogo kutoka kikubwa kila safu: 7 toa 2 ni 5, kisha 5 toa 2 ni 3. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu. Ukimwekea kosa na kumwambia arudie, atarudia kanuni ileile. Mwenzake aliyeandika mia tatu na nne kuwa 3004 ana shida nyingine kabisa: anaandika anavyosikia, mia tatu kisha nne. Wote wawili wamepata sifuri, lakini wa kwanza anahitaji vijiti vilivyofungwa kumi kumi afungue fungu moja kwa mkono wake, wa pili anahitaji jedwali la mamia, makumi na mamoja.

Gawa basi kwa aina ya kosa. Chukua madaftari ya zoezi moja, yapange mezani mafungu matatu kulingana na kosa, na kundi la kesho umeshalipata bila mtihani wowote.

Kuna pia maswali yanayojigawa yenyewe. Andika bei ubaoni: fungu la nyanya 500, kipimo cha mafuta 1,000, kilo ya unga 2,000, kilo ya sukari 3,000. Kisha uliza: Mama Neema alikwenda gengeni na shilingi 10,000, akarudi na 1,500, alinunua nini? Mmoja atahangaika kupata jibu moja kwa kuchora noti. Mwingine atapata majibu manne na kuanza kubisha kama yapo mengine. Swali ni moja, darasa ni moja, hakuna aliyeachwa wala aliyekaa bure. Muda wa maandalizi ni dakika mbili.

Wale wanaomaliza haraka niwafanye nini? Wananisumbua.

Usiwaongezee hesabu kumi za aina ileile. Hiyo ni adhabu ya kuwahi, na watajifunza kuchelewa. Usiwageuze walimu wasaidizi wa kudumu pia. Kumweleza mwenzako kunakufundisha, ila mtoto huyu naye alikuja shule kujifunza jipya. Mpe kazi yenye kina: atunge swali ambalo jibu lake ni 48, aandike mwisho mwingine wa hadithi, atafute kosa kwenye hesabu uliyoikosea makusudi.

Baadhi ya watoto wangu hawajui Kiswahili wanapoanza. Hao ni wazito?

Hapana, hawajui Kiswahili. Mtoto wa Kimaasai, Kisukuma au Kihadzabe aliyelelewa kwa lugha ya nyumbani anafika darasa la kwanza akiwa na msamiati mpana tu, ila si huu wa kitabu. Kumwambia aunganishe ta na a na ukamsifu amesoma «taa» hakumsaidii kama hajui taa ni kitu gani. Anza na mdomo na vitu: vitaje, viguse, viulize. Mtumie mwanafunzi wa darasa la juu anayejua lugha zote mbili. Usimkataze kumuuliza mwenzake kwa lugha yao, maana anauliza ulichosema wewe.

Na tofautisha matamshi na kusoma. Anayetamka «lafiki» pale palipoandikwa «rafiki», kwa sababu lugha ya kwao haitenganishi r na l, amesoma. Mweke ngazi anayostahili, matamshi mtayashughulikia polepole.

Kenya sera inaruhusu lugha ya eneo kufundishia madarasa ya chini, kwa hiyo mwalimu wa huko ana nafasi pana zaidi, pale anapoitumia.

Tulifundishwa chuoni kwamba kuna watoto wa kuona, wa kusikia na wa kutenda. Nigawe hivyo?

Usigawe hivyo. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa «mtindo» wake. Watoto wana wanachokipenda, hilo ni kweli, lakini herufi huonekana, husikika na huandikwa kwa kila mtu. Changanya picha, sauti na vitendo kwa wote. Kinachowatofautisha watoto kwa kusoma ni wanachokijua tayari, na hicho ndicho cha kupima.

Na watoto wenye ulemavu?

Kabla ya kumwita mtoto yeyote mzito, hakikisha anaona na anasikia. Msimamishe nyuma ya darasa asome ubao. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Wapo waliokariri darasa kwa sababu ya masikio yenye usaha ambayo hakuna aliyeyaangalia.

Mengine hayana gharama. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga mkali humuumiza: akae mbele, mbali na dirisha lenye jua, aruhusiwe kuvaa kofia na kuusogelea ubao. Kwa mwenye usikivu hafifu, usiongee huku umegeukia ubao. Mwenye mikono mizito ajibu kwa mdomo. Tanzania iliweka mkakati wa taifa wa elimu jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Mwandikie kupitia mwalimu mkuu badala ya kubeba peke yako jambo linalohitaji upimaji wa kitaalamu.

Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akija akakuta sijafika mada ya ratiba?

Mwonyeshe karatasi ya ngazi: Februari walikuwa 31 kwenye silabi, Aprili wamebaki 12. Takwimu kama hiyo, hata ikiwa ya darasa lako tu na imeandikwa kwa kalamu, inaongea kuliko azimio la kazi lililojazwa tiki. Kwenye andalio la somo andika shughuli za kila kundi badala ya kuandika «wanafunzi wafanye zoezi», na kwenye tathmini andika kundi gani limebaki wapi. Hakuna mwongozo unaokukataza kufanya hivyo. Mada za darasa ziendelee kwenye vipindi vyake, saa ya ngazi iwe nyongeza iliyokubaliwa na mwalimu wa taaluma. Ukiifanya kwa kificho utagombana na kila mtu.

Mtihani uwe tofauti kwa kila kundi?

Mtihani wa shule na wa taifa ni mmoja. Baraza la Mitihani lenyewe hubadili namna na si kiwango: karatasi za nukta nundu, maandishi makubwa, muda wa ziada. Mazoezi ya kila siku ndiyo yatofautiane. Weka kumbukumbu mbili, ya alama za mtihani na ya ngazi, na usiziunganishe. Mtoto aliyetoka kutojua herufi hadi kusoma aya bado anaweza kupata 18 kwenye mtihani wa darasa la nne. Kumbukumbu ya pili ndiyo itakayomwambia mzazi ukweli wote.

Mzazi amekuja amekasirika, mtoto wake «ameshushwa darasa».

Mkaribishe, mwite mtoto, mpe aya asome mbele yake. Kisha mweleze kwamba darasa lake ni lilelile, hii ni saa moja ya kumwezesha kulimudu. Bora zaidi, lisemwe kwenye mkutano wa wazazi kabla ya kuanza. Baadhi watauliza kama ni twisheni na italipiwa shilingi ngapi. Jibu liwe fupi: hailipiwi.

Sina zana.

Maboksi ya sabuni, kalenda za zamani, vizibo vya soda, kokoto, vijiti, mchanga wa kuandikia kwa kidole. Silabi mia moja za kwanza zinaingia kwenye maboksi mawili. Zikate kubwa, kadi ndogo hazionekani na watoto walio safu ya tatu.

Sekondari inafanyika?

Inafanyika, ila tofauti kubwa ya kidato cha kwanza Tanzania huwa ni lugha. Mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili anakutana na Fizikia kwa Kiingereza, na mwalimu anadhani hajui Fizikia. Muulize kwa Kiswahili kwanza kwa nini kijiko cha bati kilichochovywa kwenye chai ya moto kinaunguza mkono. Akijibu sawasawa, unachotakiwa kumfundisha ni maneno. Asipojua, ni dhana. Mwishoni mwa kipindi toa swali moja la dakika tatu kwenye kikaratasi, kusanya, panga mafungu matatu kabla ya kulala. Kipindi kijacho kianze na fungu lililokosea zaidi.

Nitaona mabadiliko baada ya muda gani?

Kwenye Kusoma, mapema kuliko unavyofikiri, kwa sababu Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishika irabu tano na silabi za konsonanti moja, maneno hufunguka kwa kasi. Atakwama tena kwenye mbw, nyw, ng' na dh, na hapo usimrudishe kundi la chini, mpe maneno yenye herufi hizo kila siku kidogo. Makambi ya kusoma yaliyofanyika Uttar Pradesh, India, yalichukua siku 50 hivi kwa mwaka na matokeo yalionekana wazi. Kuhesabu huchukua muda zaidi, hasa kutoa kwa kukopa na kugawanya.

Watakaobaki bila kusogea baada ya mizunguko miwili ni wachache, na mara nyingi ni wale wasiofika shule siku zote. Fungua daftari la mahudhurio kabla ya kubadili mbinu.

Nianzie wapi Jumatatu?

Usiunde makundi bado. Andika aya ya sentensi nne, chagua watoto kumi ambao huwa huwaiti kusoma, uwaite mmoja mmoja wakati wenzao wanafanya zoezi. Wapime. Jumanne mwonyeshe mwalimu mkuu karatasi hiyo, umuombe saa moja.